Kabla hujauliza kama utajiri ni dhambi, umehesabu stoo?

Mimi nafundisha fiqhi, yaani sheria za dini, hapa Ujiji, Kigoma, na darasa langu la jioni limejaa wafanyabiashara, watu wa dagaa wa Kibirizi, watu wa mawese, wenye maduka kule Mwanga, na swali linalorudi kila mara ni lilelile, ustadh hivi mtu anaweza kuwa na hela nyingi na bado akawa vizuri na Mola wake? Linaulizwa kwa unyonge utafikiri mtu ameiba. Nadhani tumelisababisha sisi wenyewe tunaopanda mimbari, kila Ijumaa dunia ni mzoga, Qaruni, yule tajiri mwenye kiburi wa zama za Nabii Musa, kadidimizwa na ardhi, basi mtu anatoka msikitini anarudi dukani kama anaenda kutenda maasi.

Sasa humohumo kwenye kisa cha Qaruni, Suratul Qasas aya ya 77, watu wake wanamwambia atafute makazi ya akhera kwa hayo aliyopewa na Mwenyezi Mungu, na asisahau fungu lake la dunia. Hawakumwambia agawe yote akakae pangoni. Na Suratul Jumua aya ya 9 na ya 10 ndo kabisa, adhana ikilia acheni biashara, swala ikiisha tawanyikeni mkatafute fadhila za Allah. Duka unalifunga kwa muda wa hotuba na rakaa mbili tu.

Mimi huwa nawapa mfano wa sahaba Abdurahman bin Auf. Kafika Madina kutoka Makka hana kitu, Mtume (SAW) kamuunganisha udugu na Saad bin Rabii, tajiri wa kiansari, Saad akamwambia chukua nusu ya mali yangu. Abdurahman akamuombea baraka kisha akasema nionyesheni soko liko wapi. Akaanza na samli na maziwa makavu, baada ya muda si mrefu anaonekana ana manukato, ameoa, Mtume anamwambia fanya walima, karamu ya ndoa, hata kwa mbuzi mmoja. Akaja kuwa tajiri wa kutisha na ni katika wale kumi waliobashiriwa pepo. Halafu kuna siku akiwa amefunga analetewa chakula, akamkumbuka Mus'ab bin Umair aliyeuawa Uhud na sanda yake ilikuwa shuka moja, wakifunika kichwa miguu inabaki wazi, wakifunika miguu kichwa kinabaki wazi, akalia mpaka akakiacha kile chakula. Mali anayo na inamtoa machozi. Hapo ndo nawaambia wanafunzi, msinitajie zuhudi (kuipa dunia kisogo) ya kanzu iliyochanika kabla hamjaelewa hili.

Ila machozi hayapimiki, mtu yeyote anaweza kulia kwenye mawaidha. Kinachopimika ni zaka, ile haki ya lazima ya kila mwaka kwenye mali, na hapa ndo nina ugomvi na matajiri wetu, kwa sababu mtu anachinja ng'ombe wa Maulidi, anafuturisha mtaa mzima, anatoa mifuko ya saruji ya msikiti huku anapigwa picha, ukimuuliza mwaka huu zaka yako ilikuwa shilingi ngapi anakwambia ustadh mimi natoa sana. Kutoa sana sio hesabu jamani! Zaka inataka nia na kiwango, na hayo mengine yote ni sadaka, thawabu zake zipo kwa Allah ila zaka bado iko shingoni mwako.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Ukifika mwaka unaangalia bidhaa zilizopo stoo kwa bei ya soko ya siku hiyo, sio bei uliyonunulia, unajumlisha hela ya mkononi, benki na kwenye simu (ya kwenye simu wengi wanaisahau, sijui kwa nini), unajumlisha madeni unayodai kwa watu wanaolipika, ukifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, unatoa asilimia 2.5. Tuseme magunia ya dagaa ni milioni 30, hela taslimu milioni 6, unadai milioni 4, jumla 40, zaka ni milioni 1 kamili. Mtumbwi, injini, nyavu, mizani, jengo la duka, havimo, hivyo ni vitendea kazi. Kwa sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, nisabu ya mali ya biashara inaangaliwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo mtaji ukiyumba katikati, mfano ile 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, ukaja kusimama tena, hesabu haifutiki.

Nisabu ni dhahabu gramu 85 au fedha (madini ya silva) gramu 595. Zamani dinari 20 za dhahabu na dirhamu 200 za fedha zilikaribiana thamani, leo zimeachana mbali sana, fedha iko chini mno, na wanazuoni wengi wanaishika fedha kwa kuwa inawafaa zaidi maskini. Na mwaka wa zaka unahesabiwa kwa mwezi mwandamo, siku 354 hivi. Watu wa ziwani hili halihitaji maelezo, mbalamwezi ikiwa kali dagaa haji kwenye taa na mitumbwi inalala, mwezi wanaujua kuliko mimi. Shida ni wa maduka wanaofunga mahesabu Desemba, mwaka wao ni mrefu zaidi, hao kila miaka 33 zaka ya mwaka mzima inayeyuka.

Swali gumu la mwisho ni nani apewe. At-Tawba aya ya 60 imetaja makundi nane, sisi huwa tunaishia kwa maskini na mafakiri, tunagawa elfu mbili mbili mlangoni na foleni ya akina mama inasukumana juani, mimi sipendi kabisa. Kundi la wenye madeni halitazamwi. Pale sokoni kuna mama kachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, kumtibu mtoto, sasa kabati na godoro vimebebwa. Watu wananiambia ustadh ule mkopo ni wa riba, tutalipaje riba kwa zaka? Wanazuoni wamejadili, na ninachofundisha ni kwamba aliyeingia kwa shida na ametubu apewe, akalipe ile asili ya deni, hiyo riba ya juu tukae na mkopeshaji tuijadili, na kwenye kikao hicho yule tajiri wa saruji awepo.