Ekiben: chakula cha stesheni chenye ladha ya mji wake

Ekiben ni chakula kinachofungashwa kwenye kisanduku na kuuzwa katika stesheni za treni nchini Japani, abiria akile safarini. Neno lenyewe ni la kuunganisha: eki ni stesheni, ben ni kifupi cha bento, yaani chakula cha kubeba. Ila ekiben hasa, ile watu wanayoifuata, lazima iwe na kitu cha pale pale: samaki wa mto ule, wali uliopikwa kwa mtindo wa watu wale. Mapishi ya kimkoa ya namna hiyo Wajapani huyaita kyodo ryori, na msafiri asiye na nafasi ya kushuka kila mji huyaonja kupitia ekiben.

Inasimuliwa sana kwamba ya kwanza iliuzwa Utsunomiya mwaka 1885. Ilikuwa matonge ya wali yenye tunda chachu la ume ndani, pamoja na figili ya kusindika, vyote vikiwa vimefungwa kwa ganda la mwanzi.

Mimi naanza na Yokokawa, mkoani Gunma, kila ninapomweleza mtu dhana hii. Mbele ya stesheni hiyo kuna mlima wa Usui, mkali kiasi kwamba treni ilibidi isimame iongezewe vichwa vya kuisaidia kupanda. Abiria wakawa wanangoja, na njaa inawauma. Mwaka 1958 duka la Oginoya likaanza kuwauzia wali wa moto ndani ya chungu cha udongo kutoka Mashiko, mji wa wafinyanzi. Udongo hautoi joto haraka. Ukifunua kifuniko unakuta wali uliokolea mchuzi wa soya, na juu yake kuku, uyoga, machipukizi ya mianzi, yai la kware na aprikoti moja ya kumalizia kwa utamu. Reli ya kupanda mlima ule ilifungwa mwaka 1997, lakini chungu kinauzwa mpaka leo, na wengi hurudi nacho nyumbani kupikia wali wa mtu mmoja.

Kisa cha Mori, kule Hokkaido, kinanigusa zaidi. Mwaka 1941, wakati wa vita, mchele ulikuwa haba na ngisi wapo tele. Wakawajaza ngisi wadogo mchele kidogo, wakawachemsha kwenye mchuzi mtamu wa soya. Tumbo linashiba kwa mchele mchache. Shida iliyozaa chakula hicho imepita, nacho bado kinapendwa.

Toyama wana samaki wa trauti aliyegandamizwa juu ya wali wa siki, akafunikwa kwa majani ya mwanzi. Sendai ni ulimi wa ng'ombe wa kuchoma, na kisanduku kina kamba: ukiivuta, maji hukutana na chokaa chini yake, chakula kinapata moto chenyewe.

Zamani wauzaji walipita dirishani. Madirisha ya Shinkansen, treni za kasi zilizoanza mwaka 1964, hayafunguki, na vigari vya kuuza vyakula ndani ya treni za kasi kati ya Tokyo na Osaka viliondolewa mwaka 2023. Kwa hiyo nunua kabla ya kupanda. Na usifungue kisanduku kwenye treni za mjini zilizojaa watu wa kazini; huko kula huonekana utovu wa adabu. Subiri treni ya safari ndefu, yenye kimeza mbele ya kiti.