Kidonge kinachoelea ni nini?

Kidonge kinachoelea ni kidonge kilichoundwa kikae juu ya maji ya tumboni kwa saa kadhaa, kikitoa dawa kidogo kidogo, badala ya kuteremka mapema utumboni.

Kwa nini kikawizwe tumboni? Kwa sababu zipo dawa ambazo mwili huzifyonza vizuri mahali pafupi tu, mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ni mojawapo. Kidonge cha kawaida cha kutoa dawa polepole kikishapita hapo, dawa iliyobaki ndani yake hutoka mahali isipofyonzwa vizuri. Mgonjwa ameimeza, lakini haimfikii. Kikibaki tumboni, dawa huteremka taratibu na kupokelewa kadiri inavyofika.

Shida ni kwamba tumbo likiwa tupu hujisafisha. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, mikazo mikali hufagia masalia yote kuelekea utumboni, na kidonge nacho kinaweza kuzolewa.

Ili kielee, densiti yake (uzito wake kulinganisha na ujazo wake) lazima iwe chini ya ile ya maji ya tumboni, yaani karibu gramu 1 kwa kila mililita. Unga wa dawa ulioshindiliwa mashineni kwa kawaida huzidi hapo, kwa hiyo huzama. Njia inayotumika sana ni kuuchanganya na haidroksipropili metiliselulosi, ambayo ikilowa huvimba na kuwa na ute mzito kama wa mlenda, pamoja na bikaboneti ya sodiamu, ile ile inayotiwa kwenye keki. Asidi ya tumboni ikiigusa bikaboneti, hutoka kabonidioksidi. Viputo vyake hunaswa ndani ya ute, na kidonge kikapanda juu. Dawa nayo hupenya ute huo, au hutoka ute unapomomonyoka.

Ufundi wote uko kwenye vipimo. Gesi ikiwa nyingi kabla ute haujashika, kidonge hupasuka na dawa yote humwagika kwa mpigo. Ikiwa kidogo, huchelewa kupanda. Ute ukiwa mzito kupita kiasi, dawa hukwama. Ndiyo maana maabara hukitia kidonge kwenye asidi hafifu ya haidrokloriki, yenye joto la nyuzi 37 kama la mwili, wakapima kinachukua muda gani kupanda, kinaelea saa ngapi, na kila saa kimetoa dawa kiasi gani.

Si kila dawa inafaa. Inayoharibiwa na asidi, au inayochubua tumbo kama aspirini, haifai kukalishwa humo.

Na hata kiundwe vizuri namna gani, bila maji hakina pa kuelea. Kwa kawaida humezwa baada ya chakula, maana tumbo lenye chakula halifagiwi upesi, tena kwa glasi nzima ya maji. Kisitafunwe wala kuvunjwa: ukikivunja, umevunja chombo chenyewe kinachoishikilia dawa.