Tairi la theluji ni nini, na limefikaje Kisumu?

Shemeji yangu wa Kisumu aliponunua gari kubwa la familia lililotoka Japani, kitu cha kwanza alichonionyesha ni matairi. Meno yalikuwa marefu, kama hayajawahi kukanyaga lami. "Haya yatanipeleka miaka mitatu," akasema. Nikainama kusoma ubavuni, nikakuta neno STUDLESS. Yalikuwa matairi ya theluji.

Tairi la theluji ni tairi la mpira laini, uliochanganywa ili usikakamae kwenye baridi kali. Tofauti kubwa iko hapo kwenye mpira, na meno hayawezi kukuambia peke yake. Tairi la kawaida huanza kuwa gumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na mpira mgumu haushiki barabara. Juu ya kila jino la tairi la theluji pia kuna mikato mingi myembamba, mfano wa chale, ambayo hufunguka gari likiikandamiza na kuing'ata theluji.

Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ile ilichimba lami na kujaza vumbi mijini, hadi ikatungwa sheria ya 1990 ya kuyadhibiti. Yaliyochukua nafasi yake ni haya yasiyo na misumari, na ndiyo maana ya neno hilo la ubavuni. Gari likiuzwa likiwa limevaa matairi hayo, linapakiwa melini hivyo hivyo hadi Mombasa.

Yanakotakiwa, ni kinga ya kweli. Huko Quebec, Kanada, sheria inadai magari yawe nayo kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linayahitaji: mvuto huo husaidia kuondoka, lakini kusimama kunategemea mpira.

Sasa mpira huo ulete Kisumu, ambako mchana hufika nyuzi 30 na lami huwa na joto kupita hapo. Unalegea mno. Meno yanayumba kwenye kona, breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi, hata kwenye lami iliyolowa, na tairi linaisha upesi. Kwenye gari lililoinuka, lenye watoto nyuma na mizigo, kuyumba huko unakuhisi mikononi. Shemeji alikuwa amekuhisi alipokuwa akiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Kericho, akadhani ni upepo.

Wapo watakaonitajia Timboroa na baridi yake ya alfajiri. Ni baridi kweli, lakini jua likipanda inaondoka, na dereva huyo huyo saa chache baadaye yuko Ahero kwenye joto.

Kuna herufi zinazowachanganya watu: M+S, yaani matope na theluji. Hizo zinaeleza umbo la meno tu. Magari mengi yanayopita barabara za vumbi za Kakamega na Bungoma yana matairi ya M+S, na hayana shida yoyote, usiyatupe. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayoonyesha kwamba tairi limepimwa kwenye theluji, ingawa hupatikana pia kwenye baadhi ya matairi ya misimu yote. Ya Japani mengine hayana mlima huo, kwa hiyo tafuta neno STUDLESS na zile chale. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 4818 ni wiki ya 48 ya mwaka 2018.

Ukigundua unayo, badilisha yote manne. Fundi anaweza kukushauri ubadilishe mawili kwanza ili kupunguza gharama. Kataa, kwa sababu mbele na nyuma zitashika barabara tofauti, na gari la magurudumu yote manne huumia likivaa matairi yasiyolingana. Hadi upate pesa, punguza mwendo, acha nafasi kubwa mbele yako, na pima presha asubuhi kabla ya safari kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye mlango wa dereva.

Shemeji alipobadilisha, muuzaji alitaka kununua yale ya zamani ayauze tena. Kwa hiyo hata matairi ya mtumba ya kando ya barabara, yenye meno marefu na bei nafuu, yasome ubavu kabla hujatoa pesa.