Milinganyo miwili haitoshi kila mara

Wanafunzi wengi wameshika kwamba ukiwa na visivyojulikana viwili, unda milinganyo miwili na jibu litatoka tu. Sivyo. Muhimu ni mlinganyo wa pili uwe na habari mpya.

Tazama fumbo hili: jumla ya umri wa mama na mwanawe ni miaka 44, na baada ya miaka 5 jumla hiyo itakuwa 54. Mama awe m, mtoto t. Sentensi ya kwanza inatoa m + t = 44. Ya pili inatoa (m + 5) + (t + 5) = 54. Ondoa 10 pande zote mbili, unarudi palepale: m + t = 44! Kila mmoja akiongeza miaka 5, jumla lazima ipande kwa 10, kwa hiyo sentensi ya pili imejaza karatasi tu. Mama wa 30 na mtoto wa 14 wanafaa. Wa 35 na wa 9 pia.

Ukitoa mlinganyo mmoja kwenye mwingine utapata 0 = 0. Hapo wengi hufuta kazi yao wakidhani wamekosea, kumbe hesabu iko sawa kabisa. Fumbo ndilo lenye upungufu.

Badala ya 54 weka 50, mambo yanageuka: ukiondoa 10 unapata m + t = 40, na 40 inagongana na 44, jibu halipo, na kwenye grafu mistari ni sambamba.

Lakini ukiambiwa mama amemzidi mwanawe miaka 26, basi m − t = 26. Jumlisha na m + t = 44: 2m = 70, mama ana 35, mtoto 9.