Kutoka soprano hadi baritoni: saksafoni inavyokujibu ukiipuliza

Mpigaji wa saksafoni ya alto akishika tenori, iliyo kubwa zaidi, kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba inamaliza pumzi. Mara nyingi mapafu hayana kosa, kosa liko midomoni. Vidole ni vilevile kwa saksafoni zote, ila tenori inataka midomo ilegee kuliko alto. Ukiibana, sauti inakonda na noti za chini zinakurukia oktava ya juu.

Kupima ni rahisi. Chomoa mauspisi (kipande cha kupulizia) kwenye shingo ya saksafoni, ipulize yenyewe kwa nguvu ya kawaida, huku tyuna ya simu (programu ya kupima noti) ikiwa wazi. Mauspisi ya soprano ikae karibu na C (1047 Hz), alto A (880), tenori G (784), baritoni D (587). Alto ikipanda hadi B, unabana mno. Wapiga jazi hushuka chini ya hapo kwa makusudi ili sauti inenepe, nao hulipa kwa masikio, maana tuni haikai yenyewe.

Soprano ndiyo isiyosamehe. Mdomo ukisogea kidogo tu, noti za juu zinapanda au kushuka waziwazi. Baritoni huchelewa kuitika: hewa iende nyingi bila kusukumwa kwa kasi, na ulimi utangulie mdundo kidogo. Ina zaidi ya kilo tano, kwa hiyo tumia mkanda wa mabegani, shingo yako ipumzike.

Kabla hujanunua chombo kingine, angalia mauspisi na ridi, ule ubapa wa mwanzi unaotetemeka. Selmer S80 C* ya alto ina mwanya wa milimita 1.7 kati ya ncha yake na ridi, na ridi namba 2.5 au 3 (namba ni ugumu wake) inakaa vizuri. Otto Link 7* ya tenori ina karibu 2.7, na humo ridi ya 3 itakuwa ubao. Anza na 2.

Vyombo vyenyewe navyo vinatofautiana mkononi. Tenori ya zamani ya Conn 10M ina sauti pana, lakini vitufe vya kidole kidogo cha kushoto ni vizito. Selmer Mark VI, iliyotoka 1954, ilipanga vitufe mkono unapoangukia, na midomo ya bata (yaani saksafoni) mingi ya leo, Yamaha YAS-62 ikiwemo, imefuata mpangilio huo.

Sasa, B na B flati za chini zikikoroma, usikimbilie kubadili ridi. Mshukiwa wangu wa kwanza ni pedi (kifuniko cha tundu) ya G shapu. Ukibonyeza B au B flati ya chini, kitufe cha G shapu nacho hubonyezwa, na pedi yake huzuiwa isifunguke na mkono mdogo wa safu ya vitufe vya mkono wa kulia, wenye skrubu ya kurekebishia. Skrubu ikilegea, pedi inainuka kidogo na hewa inatoroka.

Shikilia D ya chini, kisha bonyeza G shapu. Noti isibadilike hata chembe. Ikibadilika au ikikatika, chukua bisibisi ndogo, kaza robo mzunguko, jaribu tena. Ukipitiliza, pedi ya F shapu ndiyo itakayobaki wazi, na hapo hata F, E na D zitagoma. Chunguza pedi kwa ukanda wa karatasi ya kusokotea sigara: uweke chini ya pedi, funga kwa kidole chepesi, uvute. Ukanda ukiteleza upande mmoja na kushikwa mwingine, pedi haikai sawa. Hapo ni kazi ya fundi, skrubu haitasaidia.