Kwa nini mmea uliopandwa kuzuia mmomonyoko huporomosha udongo?

Wengi huamini kwamba mmea wowote unaotambaa na kufunika ardhi unaishika ardhi hiyo. Kwa imani hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20 mmea wa Afrika Kusini uitwao Carpobrotus edulis ulipelekwa California kushika udongo kandokando ya reli. Baadaye ukapandwa kwenye matuta ya mchanga na kingo za barabara kuu, hadi miaka ya 1970.

Ukiutazama mmea huu, huwezi kuwalaumu walioupanda. Shina lake hutambaa hata zaidi ya mita moja kwa mwaka, na kila fundo linalogusa ardhi huota mizizi. Majani ni manene, yana pande tatu, na ukilivunja moja maji yanachuruzika vidoleni. Palipo tambarare, mchanga hutulia kweli. Tatizo ni mteremko mkali.

Chukua blanketi zito, liloweshe, litandaze juu ya paa lenye mwinamo, kisha lipigilie misumari mifupi. Paa lote limefunikwa, lakini misumari ndiyo inayobeba uzito wa blanketi pamoja na maji yake. Mvua ikinyesha blanketi huzidi uzito, na misumari ni ile ile. Mizizi ya mmea huu iko hivyo: mingi, ila karibu na uso wa udongo. Juu yake tandiko la majani mabichi na mashina makavu laweza kufikia nusu mita kwa unene, na majani yale karibu yote ni maji. Udongo ukilowa na kulegea, tandiko huteleza likiondoka na tabaka la udongo lililoshikana nalo. Si kila mteremko huanguka. Ukali wa mwinamo, aina ya udongo na wingi wa mvua vyote vina nafasi yake. Lakini mteremko dhaifu haulindwi kwa kutwikwa mzigo.

Kwao, katika jimbo la Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini, mmea huu ni chakula. Tunda, suurvy kwa Kiafrikana, likikomaa huwa la manjano kisha kahawia, na ndani mna ute mchachu uliojaa mbegu. Huliwa hivyo hivyo au hupikwa jamu, na maji ya majani ni dawa ya vidonda vya mdomoni. Ughaibuni tunda hilo hilo ndilo linaloueneza: kulungu na sungura wa California hulila, na mbegu zikipita tumboni mwao huota vizuri zaidi. Kwenye visiwa vya Mediterania kazi hiyo hufanywa na panya pia, hata kisiwani Bagaud, kusini mwa Ufaransa, ikabidi panya na mmea viondolewe pamoja.

Kuung'oa ni kazi ya mikono, kwa kuwa kipande cha shina kikisahaulika kwenye unyevu huota upya. Mteremkoni inafaa kung'oa kidogo kidogo huku mimea ya asili ikipandwa nyuma yake, kwani udongo ukiachwa wazi wote kwa mpigo, mvua ya kwanza huondoka nao.