Mbio na hedhi: tunayoambiwa, na jinsi mwili unavyofanya

Alfajiri, jua la Tanga likiwa halijaanza kuchoma, tunakutana wanawake wachache na kukimbia kuelekea Raskazone. Kila mara kuna mmoja anayepunguza mwendo, akaninong'oneza kwamba yuko mwezini na kuniuliza kama anajidhuru. Kwa ajili yake nimeandika haya.

"Ukiwa mwezini usikimbie, damu itazidi."

Wengi tuliusiwa hivi tulipovunja ungo, na waliotuusia walitutakia heri. Lakini mbio haziongezi damu ya hedhi. Wapo wengi ambao chango hupungua wakitembea au wakikimbia taratibu. Oktoba 2002 kule Chicago, Paula Radcliffe wa Uingereza aliweka rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:17:18, na maumivu ya hedhi yalimshika akiwa bado njiani. Simaanishi ujilazimishe. Ikiwa chango limekukunja kitandani, lala. Na ikiwa pedi inalowa kila saa, au damu inapita siku 7, nenda hospitali. Hilo si la kuvumilia.

"Kuna ratiba moja ya mwezi inayomfaa kila mwanamke."

Siku hizi ratiba hizi zimejaa kwenye simu: wiki hii mbio za kasi, wiki ile pumzika. Zinapendeza kuzitazama, ila zinamchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28. Mzunguko wa kawaida wa mtu mzima huwa kati ya siku 21 na 35, na hata wa mtu mmoja hubadilika. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi na kuzilinganisha, mwaka 2020, waliona kwamba uwezo hushuka kidogo mno siku za mwanzo wa hedhi, tena kwa tofauti kubwa kati ya mwanamke na mwanamke. Mwenzangu mmoja hukimbia vizuri kuliko siku zote akiwa siku ya pili. Mimi siku hiyo miguu huwa mizito kama nimebeba mchanga. Ratiba moja itatufaaje sote wawili?

"Nimechoka wiki hii, basi nimeshuka kiwango."

Huenda hujashuka. Yai likishapevuka, homoni ya projesteroni hupanda na joto la mwili huongezeka kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 hivi, na pumzi nayo huwa nzito zaidi. Ukiwa kwenye ubaridi wa Lushoto pengine usitambue. Huku pwani, wakati wa kaskazi, jasho halikauki mwilini, na hata nyongeza hiyo ndogo huuma. Siku hizo mimi hutoka mapema zaidi, hunywa maji kabla sijaona kiu, na saa ya mkononi naiacha nyumbani.

"Hedhi imekata, mazoezi yamekolea."

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Nimemsikia binti akijisifu kwamba ana miezi minne hajaona siku zake, na wenzake wakampongeza. Hedhi ikikosekana miezi 3, kwanza pima mimba. Kama haipo, muone daktari. Kwa wakimbiaji, sababu mojawapo kubwa ni kula kidogo kuliko mwili unavyotumia. Mwili ukikosa chakula cha kutosha huzima uzazi ili moyo na ubongo viendelee. Estrojeni hushuka, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Ndipo binti wa miaka 20 anapata ufa kwenye mfupa wa mguu bila kuanguka popote. Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inaitambua hali hii rasmi kama tatizo la afya ya wanamichezo. Huyu haponi kwa kupunguza wali. Anahitaji kuongezewa wali, maharage, samaki, na kupunguziwa kilomita.

"Chai haina neno."

Mwanamke anayeona hedhi anahitaji miligramu 18 hivi za madini ya chuma kwa siku, mwanamume 8. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha maharage na mchicha kisifyonzwe vizuri. Ukishakula, subiri saa nzima ndipo uinywe. Kula na chungwa la Muheza, maana vitamini C yake hukisaidia chuma kuingia.

Na wewe unayeninong'oneza barabarani: nunua daftari dogo. Andika siku ya kwanza ya hedhi, usingizi ulivyokuwa, mbio zilivyokwenda. Baada ya miezi mitatu tulifungue pamoja, pale tunaponyoosha viungo, tuone siku zako nzito ni zipi.